Kitambi, Kidonge na Chai ya Keko

Wanangu, nasikia siku hizi kidonge cha kisukari kinamezwa na watu wasio na kisukari. Mjukuu wangu Rehema, anayekaa Mbezi Beach na kukimbia kila alfajiri akiwa amevaa saa inayomhesabia hata pumzi, alinijia hapa Kipawa wiki iliyopita na karatasi ya vidonge kwenye mkoba. "Bibi," akaniambia, "hivi vinakata mafuta. Unameza, huli kitu, unakimbia. Kitambi kwisha." Nikavitazama vile vidonge, nikamtazama na yeye. Kisukari hana. Kitambi chenyewe hana. Alichonacho ni simu.

Nikamwambia akae chini, kwanza ale, halafu nimsimulie. Alipoondoka nikaona bora niandike kabisa, maana Rehema ana rafiki zake, na hao rafiki nao wana simu.

Unesi niliuanza miaka ya Ujamaa, kwenye zahanati ya kiwanda kimoja cha vifungo kule Chang'ombe. Naam, vifungo vya mashati. Zahanati ilikuwa vyumba viwili, kitanda kimoja, na benchi ambalo wafanyakazi walilipenda kuliko mashine zao. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Sista Konsolata, mama wa Kimakua kutoka pande za Masasi, mfupi, mpole, ambaye aliweza kumjua mgonjwa wa kujifanya kwa kusikia tu kikohozi chake kutoka getini. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi, gauni langu limepigwa pasi mpaka linakata, na hakuna nilichokuwa sikijui. Asiyejua hana hatari sana, kwa sababu huuliza. Jihadharini na yule aliyefaulu mtihani.

Wakati ule hatukuwa na vimashine vyenu hivi vya kuchoma kidole na kusoma namba. Sisi tulichemsha mkojo. Unamimina dawa ya buluu kwenye neli ya kioo, unadondoshea matone manane ya mkojo, unashika kwa koleo juu ya taa ya spiriti mpaka ichemke. Ikibaki buluu, sukari hakuna. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikienda njano, chungwa, hadi rangi ya tofali, hapo mgonjwa anaanza kuagana na halua. Na mdomo wa neli usimwelekezee mtu. Hilo nililijua siku mkojo uliporuka ukiwa wa moto na kumpata katibu wa tawi la chama pale kiwandani, kwenye Kaunda suti mpya. Mkojo wenyewe ulikuwa wake, lakini hilo halikumpoza hata kidogo.

Chupa nayo ioshwe. Kijana mmoja wa idara ya kupaka rangi, mwembamba kama fito, alituletea mkojo wake kwenye chupa iliyokuwa na dawa ya kifua, ile tamu. Ikageuka tofali papo hapo. Wiki nzima mama yake alimnyima chai, maandazi, hata ndizi mbivu, na jirani wakaja kumpa pole. Nilipogundua kosa nikamwambia amepona. Mama yake alinibebea kuku kunishukuru, na kuku tukamla. Nawaambieni ukweli, kazi hii ina sifa nyingi ambazo hazina mwenyewe.

Sasa nije kwa Mzee Mbaraka, ambaye nusura nimuue.

Mzee Mbaraka alikuwa mtunza bohari wa kiwanda. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwake, na kiuno chenyewe kilikuwa safari ndefu. Alikuwa mwenyeji wa Dar haswa, mtu wa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, mcheshi, mkarimu, na mwaminifu kiasi kwamba mkurugenzi mwenyewe hakupata kifungo kimoja bila kutia saini. Ila alikuwa na kitambi, na hizo hazikuwa zama za kuwa na kitambi. Mnyonyaji kwenye picha za ukutani alichorwa mnene, sigara mdomoni, mrija mkononi. Mtu ukiwa na tumbo na huku unashika funguo za bohari, huhitaji shahidi. Katibu wa tawi alikuwa akimpita, anamgusa tumbo kwa kidole na kusema, "Mzee, hili nalo ni la umma?" Watu wanacheka. Mzee Mbaraka naye anacheka, lakini mimi niliona jinsi alivyolivuta tumbo ndani kila katibu alipotokea.

Kumbe kisukari alikuwa nacho kweli. Daktari wa hospitali alikuwa amemwandikia klorpropamaidi, kidonge kimoja kila asubuhi pamoja na chakula. Hilo la chakula liandikeni mahali.

Kila Jumamosi asubuhi kiwanda kilikuwa na mchakamchaka: kutoka getini, kuzunguka Keko, kurudi. Mzee Mbaraka alikuwa na ruhusa ya kutokimbia kwa sababu ya umri. Siku moja akanijia zahanati, akafunga mlango.

"Mwanangu, mie nataka kukimbia."

"Baba, una ruhusa."

"Ruhusa ninayo. Heshima sina. Nipunguzie hili tumbo kabla hawajanichora ukutani."

Ningemwita Sista, mambo yangekwisha. Lakini Sista alikuwa Temeke kwenye chanjo ya watoto, nami nilikuwa na elimu. Nikapiga hesabu zangu: kidonge kinashusha sukari, sukari ikishuka, mwili utatafuta kitu kingine cha kuchoma, kitu kingine ni mafuta, mafuta yapo, tena tele. Basi ameze kidonge alfajiri, asile kitu, akimbie. Njaa itayasukuma mafuta, mbio zitayachoma, kidonge kitasimamia. Nilipendezwa sana na mpango huo. Nilimwambia Mzee Mbaraka kwa sauti ya daktari bingwa, naye akaniombea dua.

Mnaona? Ndio mpango wa Rehema huo huo, bila saa.

Jumamosi ikafika. Mimi nilifuata nyuma ya wakimbiaji nikiwa na kopo la biskuti lenye bendeji, iodini, vidonge vichache, taa ya spiriti, dawa ya buluu na neli zangu za kupimia, maana nilipenda nionekane nina vifaa. Mzee Mbaraka alianza vizuri. Alikuwa amevaa raba za mwanawe na kaptula ambayo sitaielezea. Katibu akapiga makofi: "Huyo ndiye mfanyakazi!" Tulipoingia Keko, kwenye barabara ya mafundi seremala, nikaona mzee anaanza kuyumba. Shati limelowa chepechepe. Kisha akasimama, akamgeukia katibu wa tawi, akamwita kupe.

Wakimbiaji wa mbele wakarudi kutazama.

"Kupe wewe," akasema tena, ulimi mzito. "Ulichukua vifungo dazeni mbili, saini hukutia."

Mtu aliyemheshimu hata paka wa kiwanda! Wengine wakasema kalewa. Katibu akasema, "Mpelekeni mbele ya kamati." Mzee Mbaraka hakungoja kamati. Alijiketisha kwenye kitanda cha samadari ambacho fundi alikuwa hajamaliza kukipiga msasa, akaanza kutetemeka mikono, jasho linamtoka la baridi, macho hayashiki kitu.

Nikamgusa, ngozi ilikuwa ya baridi na imelowa. Mwili wa yule mzee ulikuwa unanieleza waziwazi ugonjwa wake, mimi nikaamua kuuliza mkojo. Mafundi wawili walimshika nyuma ya rundo la mbao, tukapata kidogo kwenye kikopo cha fundi. Nikawasha taa yangu ya spiriti juu ya meza ya randa, watu wamenizunguka, nikachemsha. Ikaja chungwa. Chungwa lililoiva kabisa. Nikaiinua neli juu ili watu waione.

"Sukari imempanda!" nikatangaza. "Asipewe kitu kitamu!"

Pale kwa mafundi kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiwauzia chai na vitumbua. Walimwita Binti Athumani, mtu mzima, khanga yake imefifia rangi, hana maneno mengi. Alikuwa amekwisha koroga chai, sukari mpaka kijiko kinasimama, na anakuja nayo.

"Mpishe anywe, mwanangu," akaniambia.

"Mama, huyu ana kisukari."

"Najua. Mpishe anywe."

Nikakinyakua kile kikombe. Chai nikaimwaga juu ya takataka za randa, mbele ya watu wote. "Mnataka kumuua?" nikasema. Binti Athumani alitazama chai yake inavyonywea kwenye yale maranda. Nikatoa kidonge kingine kwenye kopo langu la biskuti, nikajaribu kumtia Mzee Mbaraka mdomoni ili ile sukari ishuke zaidi. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba alikitema. Kilianguka kwenye gundi ya fundi na hakikuonekana tena.

Nikaondoka mbio hadi barabara kubwa kutafuta gari. Nilikaa huko kwa muda, maana gari zilikuwa chache na mafuta yake machache zaidi, hadi nikasimamisha pikapu ya mkaa. Nilipofika nayo pale kwa mafundi nikaona Mzee Mbaraka amekaa wima. Anatazama miguu yake na kuuliza nani kamvua raba moja. Akaniona, akaniamkia yeye mimi, "Hujambo mwanangu," kwa adabu zake zote. Nikajiambia, mapumziko yamemsaidia. Kweli niliamini hivyo.

Pikapu ilitupeleka zahanati, ambako Sista Konsolata alikuwa amerudi. Akamshika Mzee mkono, akamtazama usoni, akamnusa kama mtu anayenunua samaki. Kwenye ndevu zake kulikuwa na punje za sukari. Kifuani chai imemchirizika.

"Nani kampa sukari?" akauliza.

"Hakuna, Sista. Mama mmoja alitaka kumpa, nikaimwaga."

"Ukaenda wapi baada ya kuimwaga?"

"Kutafuta gari."

Sista akavuta pumzi. "Basi huyo mama alingoja uondoke. Shukuru umetafuta gari muda mrefu."

Akamkorogea kikombe kingine, akampa na mkate, akaagiza apelekwe hospitali wakati ule ule. Huko walimtia maji ya sukari mshipani siku mbili, kwa sababu kidonge kile kilikuwa hakiishi nguvu upesi. Ukimpandisha sukari saa nne, saa sita kimemshusha tena. Siku zile mbili sikula. Kila mlango ulipogongwa nilidhani wameniletea habari ya msiba. Nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo tena, hata nilipojifungua pacha.

Siku ya tatu Mzee Mbaraka alirudi, mzima, na Sista akatukalisha wote wawili kwenye lile benchi. Alianza na mimi. Mkojo, akasema, unakaa kibofuni. Ile sukari niliyoiona ilikuwa ya usiku, baada ya ubwabwa wa Ijumaa. Damu ya asubuhi ilikuwa kavu kabisa haina kitu, nami nikasoma gazeti la jana nikalitangaza la leo. Mgonjwa akitetemeka na kutoka jasho la baridi, akitukana watu asiowatukana, mpe kitu kitamu kwanza, upime baadaye. Kama kweli sukari ilikuwa juu, kikombe kimoja hakitamzidishia sana. Kama ilikuwa chini, kikombe hicho ndio roho yake.

Kisha akamgeukia Mzee Mbaraka, ambaye alitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nini mwili wake ulizimia kwa njaa huku umebeba mafuta yote yale.

"Mzee, bohari yako ikijaa, mali inatokaje?"

"Kwa hati. Ikija hati, nafungua, natoa."

"Mafuta ya tumboni ni bohari. Mtu akikimbia, mwili unaandika hati: leta mafuta, misuli ina kazi. Insulini ndiye mwenye funguo. Mtu asiye na kisukari anapokimbia, insulini hupungua, mlango hufunguka, mafuta huvunjwavunjwa, hupelekwa kwenye misuli. Lakini kidonge chako hakijui kama unakimbia au umelala. Kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini tu. Kwa hiyo unakimbia, na bohari imefungwa, na mwenye funguo anasema..."

"Leo tunapokea tu, hatutoi," akamaliza Mzee Mbaraka. Maneno hayo alikuwa akiwaambia watu kila siku.

"Ndiyo hivyo. Hata ini, ambalo lina sukari ya akiba, nalo limeambiwa lisitoe. Misuli ikala sukari iliyokuwa njiani, kwenye damu. Ilipokwisha, ubongo ukakosa."

Mzee Mbaraka alifikiri sana. "Kwa hiyo nilikuwa mimi mwenyewe nimejifungia nje."

"Wewe na nesi wako," akasema Sista.

Ndiyo hayo niliyomweleza Rehema. Kwenye karatasi yake mlikuwa na kidonge cha ukoo ule ule, cha kukamua kongosho. Vipo vya kisukari vya aina nyingine, visivyofanya hivyo, na wataalamu wanajua kila kimoja kinavyoyatendea mafuta mtu anapokimbia. Mimi nimestaafu, nendeni mkawaulize wao, si muuza duka wala kikundi cha mbio. Lakini huyu wangu alikuwa amenunua kidonge cha kufunga mafuta ili ayachome, akataka na kufunga kula juu yake. Mzee Mbaraka angalau alikuwa na sababu. Na mwenye kisukari asiache mazoezi kwa ajili ya hadithi yangu! Ale, aulize daktari kuhusu kipimo cha dawa siku ya mazoezi, na atembee na kitu kitamu mfukoni. Mzee Mbaraka baada ya hapo alitembea kila jioni akiwa ameshiba, kidonge kimepunguzwa na daktari, peremende mfukoni. Kitambi kilipungua polepole bila shangwe. Katibu alimsamehe lile neno kupe, ila suala la vifungo dazeni mbili hakupenda lizungumzwe tena.

Mngedhani aibu yangu iliishia pale kwenye benchi. Haikuishia. Mkutano wa wafanyakazi uliofuata, katibu alisimama akasifu umakini wa nesi wao kijana, aliyempima mzee barabarani kisayansi, akamkinga na watu wenye imani za kizamani waliotaka kumnywesha sukari, na kumfikisha salama. Nikaitwa mbele. Nikapewa doti ya khanga, kitu ambacho siku zile ulikuwa hukipati hovyo dukani. Watu walipiga makofi. Mzee Mbaraka naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote, maana alikuwa hataki nifukuzwe. Nami, wanangu, nikaipokea. Nikapiga goti kabisa kushukuru. Sista Konsolata alikuwa amekaa safu ya mbele, akanitazama nikipita.

"Khanga nzuri," akasema.

Ningetukanwa ningelala. Hilo lilinikosesha raha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikaifunga ile doti kwenye gazeti, nikaenda nayo Keko kwa miguu. Binti Athumani alikuwa pale pale, anageuza vitumbua. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza yote: kwamba mzee amepona, kwamba aliyemponya ni yeye, kwamba nimesifiwa kwa kazi yake, na khanga ni haki yake. Nikamwomba radhi kwa chai.

Aliifungua doti, akakipapasa kitambaa, akaikunja vizuri na kuiweka pembeni mbali na mafuta.

"Mama," nikamwuliza, "ulijuaje? Mimi nimesomea na sikujua."

Akageuza kitumbua kimoja, halafu kingine.

"Marehemu mume wangu alikuwaga anameza hivyo vidonge. Fundi, hapa hapa, benchi lake ni lile. Siku moja aliamka hana hamu ya kula, akameza, akaanza kupiga randa. Nikamwona anatetemeka, jasho, ananitukana. Nikamkorogea chai. Kabla hajanywa akaja nesi. Akanipokonya kikombe, akasema nataka kumuua." Akaepua kitumbua kilichoiva. "Mie nikamtii."

Nikamwuliza kwa sauti ndogo huyo nesi alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa msichana mzuri tu," akasema. "Msafi, ana adabu, ana haraka. Kama wewe."